Vikombe Ambavyo Sikuviandika

Nikitoka shule saa tisa, kazi yangu huwa ni kuosha vyombo na kumbembeleza mdogo wangu. Juzi mama akanipa zamu ya kukaa wodini na shangazi, pamoja na karatasi na kalamu. Niandike kila anachokunywa. Akipata haja ndogo, nimwite sista apime. Basi! Wenzangu wanacheza mpira, mimi nahesabu maji na mkojo.

Asubuhi hiyo shangazi alikuwa akitolewa uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Humo hupitishwa maji ili daktari aone vizuri, naye sista hupima yaliyoingia na yaliyotoka. Siku hiyo zaidi ya lita moja haikurudi, ilikuwa imeingia mwilini. Sista akapaza sauti, daktari akasimamisha kazi, na uvimbe ukabaki nusu. Niliudhika kweli. Kazi gani hiyo ya kuachwa njiani?

"Mwanangu, koo limenikauka," shangazi alilalamika.

"Sista amesema kikombe kimoja tu mpaka jioni. Umeshakunywa."

"Kwani sista ndiye mwenye koo? Nimiminie, nani atajua?"

Alinisumbua mpaka nikachoka. Nikamimina kimoja, cha pili, cha tatu. Karatasini sikuandika kitu.

Saa kumi na moja shangazi alishika kichwa akilia kwamba kinapasuka. Akaniita kwa jina la marehemu bibi. Sista akamleta daktari mbio.

"Karatasi inaonyesha kikombe kimoja," daktari alisema. "Basi huenda figo zina tatizo. Tubadilishe dawa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Hapana, daktari! Amekunywa vinne. Vitatu nilimpa mimi, sikuandika."

Daktari aliacha kubadilisha dawa, akaagiza damu ipimwe chumvi haraka. Chumvi ilikuwa imeshuka kwa sababu ya maji kuzidi, yale ya asubuhi pamoja na vikombe vyangu. Wakamtibu, wakakesha naye. Asubuhi shangazi aliniita kwa jina langu, nami nikalia kama mtoto mchanga.

Sista alinivuta pembeni. Hakucheka hata kidogo.

"Jana daktari alininunia nilipomwambia asimame. Uvimbe utatolewa siku nyingine, lakini shangazi yako tunaye mmoja tu. Sisi tunatibu kwa kufuata kilichoandikwa. Ukikosea, sema palepale, hata kama utagombezwa. Jana ulichelewa kwa saa nzima, na saa mbili nyingine zingetosha kumpoteza."