Bomba Lisilopumua

Pikapu ya kijivu ilikata kona, ikaacha lami, ikaanza kupanda kilima.

Nyuma yake, ndani ya pikapu nyingine, Sindano alirudi gia ya pili na kukanyaga mafuta mpaka mwisho.

Hapo ndipo vurugu ilipoanza.

Du. Du-du. Du-du-du-du!

Magurudumu ya nyuma ya pikapu yake yalishika changarawe, yakaachia, yakashika tena, yakaruka. Kiti kilimpiga kiunoni. Bastola yake, Glock, iliyokuwa imelala kwenye kiti cha abiria ilidondoka na kuteleza mpaka mlangoni. Darubini ikaifuata. Akalegeza mguu, mdundo ukakoma, lakini gari nalo likakata tamaa. Akakanyaga, mdundo ukarudi na hasira, kana kwamba kuna mtu chini ya bodi anayepiga ekseli kwa nyundo.

Juu yake, ile ya kijivu ilikuwa inapanda bila papara. Mwinuko ulikuwa mkali kiasi kwamba aliona mpaka tumbo lake: mabomba mawili meusi, manene, yametoka kwenye ekseli ya nyuma kwenda mbele mpaka kwenye chesisi, fremu ya gari. Ilipovuka mfereji, mkia wote uliinuka kwa pamoja na kushuka kwa pamoja, kama meza inayobebwa na watu wawili.

Aliliona hilo. Hakulitilia maanani. Alikuwa amechoka.

Injini yake ilikohoa, ikazima.

Vumbi la mwenzake likaja likamkuta hapo hapo, likamwingia puani.

Akainua redio, Motorola kuukuu iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Kituo, Sindano hapa."

"Sema."

"Nimempoteza."

Mlio wa kikombe kikirudishwa kwenye kisosi.

"Tena?"

"Tena, Mzee."

Sindano ni jina alilopewa na idara ya usalama enzi zile kiuno kilikuwa kiuno. Siku hizi goti lake la kushoto lilitangulia kujua mvua kabla ya mawingu. Kwa majirani alikuwa wakala wa pampu za maji, mjane mpole anayesafiri sana. Likizo aliyoomba ilikuwa bado inakwenda mbele kila inapokaribia, na jibu la Mzee lilikuwa lile lile: baada ya hili.

"Usihangaike," Mzee alisema. "Ameonekana. Ameshuka upande wa pili, amerudi mjini, anakula hotelini. Hakuwa na safari asubuhi hii. Alikuwa anakupima."

"Ananipima nini?"

"Gari. Sasa anajua kwamba kile kilima hukiwezi. Jua likipoa atapita hapo hapo, na ng'ambo ya kilima kuna njia kumi na moja za machimbo. Akifika kileleni peke yake, basi tena."

"Na mzigo?"

"Anao. Tuna hakika."

"Mlimpekua."

"Viti, matairi, tangi la mafuta. Tukaleta na mbwa. Hatukupata hata njiti ya kiberiti. Ubalozi wake ukapiga simu, tukamwachia na kumwomba radhi."

Sindano alifumba macho. Mzigo wenyewe ulikuwa viwashio: vijiti vya shaba vyenye urefu wa kidole. Baruti ilikuwa imeshaingia nchini, imefichwa mahali fulani kwenye yale machimbo. Bila viwashio ni unga. Vikikutana, ukuta wa bwawa hautaona kesho. Na chini ya bwawa kuna mji.

"Nipe gari jingine, Mzee."

"Moja halina betri. Jingine kachukua naibu, ana msiba."

"Watu?"

"Wote wako bwawani. Sindano, mwanangu, umebaki wewe."

"Na likizo yangu?"

"Baada ya hili."

*

Gereji ya wifi yake ilikuwa mwisho wa mtaa, kuta zimepakwa oili iliyochakaa mpaka usawa wa kifua. Ukisimama mlangoni ukatazama kule juu bonde linakoanzia, uliuona ukuta wa bwawa, mweupe, umetulia.

"Karibu, muuza pampu!" Sauti ilitoka chini ya lori. "Nimekusikia toka barabara kuu. Gari lako linalia kama limefiwa."

"Limefiwa kweli. Mwenyewe si alishaondoka?"

Wifi alicheka huko huko chini, kisha akajiburuza nje, ovaroli imejaa grisi, kitambaa kichwani kimekaa upande. Mwenye gari alikuwa kaka yake wa pekee, na mume wa Sindano. Walikuwa wameshafika mahali pa kumtania marehemu.

"Umezeeka, wifi."

"Wewe umenenepa."

"Mimi nakula kwa jasho langu. Haya, ingia. Kanyaga breki kwa nguvu, weka gia, achia klachi kidogo kidogo. Ukinikanyaga nitakuja kukutokea usiku."

Sindano alifanya hivyo. Gari lilikakamaa, likatetemeka.

"Zima! Shuka uone aibu yako."

Walichutama pamoja. Goti la Sindano likalalamika.

"Ukiachia klachi, difu, hili boga la chuma katikati ya ekseli, inainua pua juu kama mtu aliyesikia harufu ya nyama," wifi alisema. "Ekseli inataka kujizungusha yenyewe badala ya kuzungusha tairi. Springi zinajikunja, zinakuwa kama nyoka. Tairi likiteleza, zinajinyoosha kwa ghafla. Likishika, zinajikunja tena. Ndio huo muziki wako. Siku moja ungeng'oa propela, mhimili wote unaoleta nguvu ya injini huku nyuma."

"Kwa nini?"

Wifi alinyoosha spana na kugonga vipande viwili vya chuma, vitofali vilivyobanwa kati ya ekseli na springi.

"Unavijua hivi?"

Sindano alivijua. Alikuwepo siku vilipowekwa, ameshika tochi, anachekeshwa. *Mimi mrefu, gari langu fupi, watu watanionaje?*

"Nilimkataza," wifi alisema, taratibu kidogo. "Nikamwambia, kaka, ukiinua gari kwa vitofali umeipa ekseli mpini mrefu wa kupindia springi. Akaniambia mimi fundi wa wivu." Akajifuta pua kwa mkono. "Vinatoka leo. Usinilie hapa."

"Nani analia? Litakuwa tayari jua likipoa?"

"Haraka ya nini? Pampu zinakimbia?"

Bomba la maji kwenye kona lilidondosha tone. Maji ya bwawa. Sindano alitazama mlangoni, kisha akamtazama huyu mwanamke aliyebaki kuwa ndugu yake wa mwisho hapa duniani.

"Wifi, kwa nini usiende kwa mama leo? Ukalala huko juu. Hujamwona siku nyingi."

"Niache magari ya watu kwenye jeki?"

"Siku moja tu."

Wifi alishusha spana. "Una nini wewe?"

"Nimechoka tu."

"Basi shika hii spana, uchoke kwa faida."

Wakafanya kazi. Jeki, vigingi, nati zilizoganda zilizohitaji kupigwa na kutukanwa. Vitofali vilitoka na kutupwa kando, vikalia kwenye sakafu. Wifi aliongeza bapa moja nene la chuma kwenye kila springi, akafunga yubolti mpya, akazikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Gari likashuka. Lilionekana dogo, kama mtu aliyevua kofia.

Kisha akaleta chuma kirefu, bomba jembamba alilokuwa amemchongea mteja wa kokoto.

"Hii ndiyo dawa yenyewe. Nyuma inashikwa na ekseli, mbele inashikwa na chesisi. Ekseli ikitaka kuinua pua, bomba linaikatalia."

"Unachomelea?"

"Nyuma nachomelea. Mbele, kamwe! Mbele naweka hii hapa." Alionyesha kipande cha bawaba chenye bushi ya mpira, kinachocheza huku na huku. "Gari likipanda na kushuka, ekseli inasogea mbele na nyuma kidogo. Lazima bomba liachiwe lipumue. Ukilibana pande zote mbili, springi hazifanyi kazi tena. Gari linatembea kama jeneza."

Sindano aliacha kukaza nati.

"Kama meza."

"Kama meza, kama kitanda, utakavyo. Mkia wote unaruka kwa pamoja."

"Na kama mtu amechomelea pande zote mbili? Bomba nene, sio kama hili. Nene kama mguu."

"Kuzuia ekseli?" Wifi alitoa kicheko cha pua. "Unene wote wa nini? Huyo hakuwa na shida na ekseli, wifi. Huyo alikuwa na shida na bomba, na nafasi iliyo ndani yake."

Sindano alisimama. Goti halikusema kitu.

"Niazime grenda yako. Ile ya betri."

"Makita yangu? Ya kukatia pampu?"

"Ndiyo."

"Ichukue. Lakini diski yake imekwisha, haikati hata siagi. Ukirudi uje na mpya."

*

Jua lilikuwa limelegea.

Pikapu ya kijivu ilitoka hotelini, ikapita soko, ikashika barabara ya machimbo. Sindano aliifuata bila kujificha. Kwenye kioo cha pembeni cha mwenzake aliona kofia nyeupe ya kitambaa, kando ya dereva, ikigeuka kidogo.

Mhandisi. Hivyo ndivyo vibali vyake vilivyomwita.

Kona. Changarawe. Kilima.

Ile ya kijivu ikaanza kupanda, taratibu, kwa dharau.

"Kituo. Anapanda."

"Na wewe?"

Sindano alirudi gia ya pili. Akakanyaga.

Akasubiri mdundo.

Nyuma kukawa kimya. Matairi yaliuma changarawe, yakashikilia, gari likasukuma mbele kama ng'ombe mwenye adabu. Akakanyaga zaidi. Mawe yalirukia nyuma, mkia ukatulia.

"Mimi pia," akasema.

Mbele, kofia nyeupe iligeuka tena. Safari hii haraka. Moshi mweusi ukatoka kwenye ekzosi ya ile ya kijivu. Ikagonga shimo, mkia mzima ukaruka hewani, ukatua kando, matairi yakapoteza njia. Mtu aliyebana springi zake hawezi kukimbia kwenye mashimo. Sindano alipita upande wa bonde, tairi moja likitafuna ukingo, akamkata mbele kabla ya kilele na kuvuta breki ya mkono.

Alishuka na Glock mkono mmoja, grenda mkono mwingine.

"Tokeni. Mikono kichwani. Kaeni hapo, karibu na tairi la nyuma."

Dereva, kijana mwenye shati la maua, alikaa kabla hajamaliza kuambiwa. Mhandisi alikunja suruali kwanza asiichafue. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko hiyo suruali.

"Habari za alasiri, bibi. Gari hili limekwisha kupekuliwa. Mbwa wenu alikojolea gurudumu langu. Je, ni lazima nimsumbue tena balozi?"

"Msumbue. Mimi nina kazi ndogo tu ya ufundi."

Alipiga goti. Alitazama chini. Mabomba mawili, yamechomelewa nyuma, yamechomelewa mbele, rangi mpya juu ya mshono.

"Haya ya nini?"

"Huzuia ekseli isijipinde. Wewe huwezi kuelewa."

"Yamebanwa pande zote. Hayapumui."

Mikono ya Mhandisi ilikaza kofia kichwani.

Sindano aliwasha grenda. Diski ilianza kuzunguka, ikalia kwa sauti nyembamba ya mbu aliyekasirika. Akaisogeza kwenye bomba la kulia. Cheche ya kwanza iliruka.

Dereva aliruka nayo.

"Mama yangu!" Alikuwa ameshafika bondeni, kiatu kimoja kimebaki barabarani. "Mimi nimeajiriwa tu! Mimi nimeajiriwa tuuu!"

"Mbona anakimbia?" Sindano aliuliza kwa sauti juu ya grenda. "Si ni bomba tupu?"

Mhandisi alitabasamu. Jasho lilikuwa limeanza kushuka kutoka chini ya kofia. Sindano aliweka diski tena. Cheche zikamwagika, nyingi, za rangi ya machungwa, zikachezea kiatu cha Mhandisi.

"Zima."

"Sisikii."

"Zima hicho kitu!"

"Kuna nini humo?"

"Tutakufa wote wawili, mwanamke mwendawazimu! Zima!"

Sarufi yote ilikuwa imemtoka.

Sindano alizima. Ukimya ulirudi kilimani. Kwenye bomba, pale diski ilipopita, kulikuwa na mkwaruzo tu, mwembamba kama wa ukucha wa paka.

Mhandisi aliutazama mkwaruzo ule. Akaitazama diski iliyokwisha. Kisha akavua kofia na kuficha uso wake ndani yake.

"Kituo," Sindano alisema. "Leteni mtaalamu wa mabomu. Na kiatu cha mtu kiko hapa, mwenyewe yuko bondeni anapiga kelele. Muulizeni baruti iko wapi. Atawaambia hata msichomuuliza."

"Una hakika na mzigo?"

"Mwenye mzigo ana hakika."

Kikombe kilirudi kwenye kisosi. "Kazi nzuri, mwanangu. Sasa, kuhusu likizo yako. Kuna jambo dogo limejitokeza bandarini, baada ya hilo..."

Sindano alizungusha kitufe. Redio ikafa.

*

Wifi alikuwa ananawa mikono kwa sabuni ya unga. Maji yalikuwa yanatoka kwenye bomba la kona kama kawaida, baridi, safi.

"Mmh. Halilii tena," alisema akilitazama gari.

"Halilii."

"Umeuza pampu ngapi leo?"

"Moja."

"Na diski yangu?"

Sindano alisimama, mkono mfukoni. Alikuwa amesahau.

"Nilijua tu," wifi alisema. "Kaka yangu alioa msahaulifu." Alimkagua kuanzia vumbi la viatu mpaka matundu ya cheche kwenye mkono wa blauzi. Akageukia karai lake. "Ukitaka kulala, godoro liko nyuma ya matairi. Hakuna atakayekuamsha. Redio yako iache kwenye gari."

Sindano alitembea kuelekea nyuma ya matairi, goti likimchechemesha kidogo. Mlango wa chumba cha huko nyuma ulikuwa wazi. Upepo ulijaribu kuufunga, ukashindwa.

Chini yake, vimepangwa vizuri, vile vitofali viwili vya chuma vilikuwa vimeuzuia.