Benchi la Mwisho la Libère

Asubuhi ya kuondoa matanga ya mumewe Libère, Émérance alifungua karakana akakuta misumari yote imetoka kwenye benchi. Ilikuwa sakafuni, imepinda, ina joto kama yai lililotagwa sasa hivi.

Libère hakupiga msumari maisha yake yote. Mafundi wengine wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale walipigilia mbao harakaharaka. Yeye aliufufua ufundi wa zamani, ulimi wa ubao ndani ya tundu, kigingi cha mti cha kuukaza, na kiungo kuachwa wazi kionekane. Matajiri wa Mbarara walimfuata hadi kambini. Benchi hili alilichonga kwa mti mmoja wa kijijini Rugaaga ambao watu waliogopa hata kivuli chake. Jini mwenye mti alimruhusu kwa sharti moja: chuma kiukate, lakini kisibaki ndani. Libère akafa kabla ya kuchonga vigingi.

Jana yake, Muhirwa, mdogo wa marehemu, ndiye aliyelimalizia kwa misumari.

"Shemeji, nilikuambiya," Émérance alimnong'oneza Muhirwa alipoingia. "Libère hakutaka chuma mu ile benchi."

"Acha woga, Mama Ineza. Batu batakuja mingi, batakaa fasi gani?"

Muhirwa akapigilia misumari mingine, mirefu zaidi. Ubao ukaguna. Harufu ya nyama mbichi ikajaa karakana, naye Muhirwa akacheka kicheko kikavu, akafuta jasho.

Waombolezaji walipoanza kufika, Ineza, binti wa miaka mitano, alikimbilia benchi la baba yake akakaa. Mbao zikambana mapaja. Mtoto akapiga yowe, na Muhirwa alipomrukia amvute, msumari ulichomoka wenyewe ukamchana shavu hadi meno yakaonekana, mwingine ukapasua sikio la mgeni aliyesimama mlangoni, na watu wakakanyagana kutoka nje huku benchi likizidi kubana, likibana taratibu, na damu ya mtoto ikianza kuchuruzika miguuni mwa benchi kana kwamba mti wenyewe ndio unaovuja.

Abdullah, mganga wa Mbarara na rafiki wa marehemu, akabaki ndani na Émérance na Muhirwa. Alifukiza ubani, akasoma, akatupwa ukutani kama tambara. Aliinuka puani damu tupu.

"Mama, mimi nimeshindwa," alisema kwa sauti ya chini. "Hii jini inataka ule mutu alipiga misumari. Akipata yeye, ataachia mutoto."

Émérance akamtazama Muhirwa. Alimpenda shemeji yake, tena sana. Tangu msiba uingie, unga wa nyumba ile ulitoka kwake.

"Mama," Ineza akasema, wala hakuwa tena na nguvu ya kulia.

Émérance akamsukuma Muhirwa kwa mikono yote miwili. Alianguka chali juu ya benchi, mbao zikafunguka, zikamwachia mtoto, zikamkamata yeye. Émérance akamnyakua bintiye, Abdullah akatoka nyuma yao, mlango ukavutwa.

Ndani, nyundo ya mbao ya Libère ikaanza kugonga yenyewe polepole, kwa utulivu wa fundi anayeipenda kazi yake.

"Mama Ineza, fungula! Ni miye! Ni miye!"

Mlango haukuwa na kufuli. Émérance aliuegemea kwa mgongo, miguu ameikaza ardhini, mpaka Muhirwa akanyamaza.