Mshale Unaposhuka

"Maji yanakwenda wapi?"

Lusia aliuliza hivyo rejeta ilipofunguliwa tena ikakutwa kavu. Sylvesta, dereva, alikuwa chali chini ya Landrova akipapasa mipira ya kupitishia maji kutafuta tone, na tone halikuwepo. Mipira mizima, ardhi kavu, na debe zima la maji lilikuwa limemiminwa humo kona iliyopita tu.

"Mwalimu, kaa ndani," alisema akijipangusa. "Mambo ya injini tuachie wenyewe."

Lusia alikuwa Mwiraqw wa Daa aliyefundisha shule ya msingi kule Nainokanoka, na kuambiwa akae ndani alishazoea. Siku hiyo hakuwa na nafasi ya kuzoea. Kwenye kiti cha nyuma alilala Nashilu, uchungu umemshika tangu jana, mtoto amekaa vibaya. Mama mkwe wake aliyekaa naye, bibi Namunyak, mkunga wa maboma yote ya kule, alikuwa amekiri mwenyewe kwamba huyu anataka kisu cha hospitali. Gari lilikuwa kuukuu, la ushirika, na vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha juzi tu, petroli inatafutwa kama dawa. Lingine halikuwepo. Wasipofika Karatu mchana ule, wangezika wawili.

"Nilikukataza pale chemchemini," Lusia alisema.

"Basi umeanza."

Walipochota maji ya rejeta, Sylvesta alikuwa ametumbukiza debe la oili chafu katikati ya chemchemi, akalisuuza humo humo, kisha akafua na tambara lake mpaka maji yakatanda rangi rangi. Kwao Wairaqw hata sufuria yenye masizi haiingizwi chemchemini, kwa sababu ya netlangw, jini mwenye maji. Sylvesta alikuwa mtu wa Kansay, Mwiraqw vilevile. Alilijua hilo tangu ananyonya. Alijua, na bado akamjibu Lusia mbele ya watu, "Hizo habari za bibi yako."

Sasa akamimina maji ya mwisho yaliyobaki kwenye dumu, wakaondoka. Ukungu ulikuwa umeshuka juu ya ukingo wa kreta, jua likawa kama sahani ya bati nyuma ya pazia.

"Tazama hii geji ya joto," Sylvesta alisema, akigonga kioo kwa ukucha. "Mshale ukikaa katikati, tunakula raha. Ukigusa H, injini inachemka. Kuna kidude kimezama kule kichwani mwa injini, kinaoga maji, ndicho kinachotuletea habari."

Mshale ulipanda. Ulikaribia H. Kisha ukaanza kushuka, polepole, ukapita katikati, ukaelekea C, upande wa baridi.

"Umeona? Limepoa lenyewe!"

Lakini sakafu ilikuwa inachoma nyayo, na rangi ya boneti ilikuwa inaungua, inanuka.

"Sylvesta," Lusia alisema kwa sauti ndogo, "kidude kinapima maji kilimozama. Maji yakiisha, kinapima nini?"

Sylvesta hakucheka. Mbele yao, chini ya boneti, kitu kilikuwa kinakunywa: gulu, gulu, gulu, kama ng'ombe aliyetoka malishoni kiangazi. Mshale ukafika C, ukaipita, ukajibana ukutani mwa geji ukitetemeka. Injini ikazima.

"Twende kwa miguu, tumbebe," Lusia alisema, akavuta kitasa. Mlango haukufunguka. Wa Sylvesta haukufunguka. Wa nyuma haukufunguka.

Ndipo harufu ikaingia, harufu ya tope la chini kabisa ya chemchemi, tope lisiloona jua, na pamoja nayo baridi iliyotoka pale pale injini ilipokuwa ikiungua, na Lusia akataka kumeza mate akakuta hana mate, ulimi umeganda kaakaani, na bibi Namunyak alipofungua kibuyu ampe Nashilu maziwa, ndani yake mlikuwa na unga mweupe tu, mkavu, unaopeperuka, na kule mbele kunywa hakukukoma bali kulisogea, kukapita chini ya usukani, kukapita chini ya viti, kukaja kusimama chini ya yule mzazi.

"Yeyo," Nashilu alimnong'oneza mama mkwe wake, ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Ananinywa. Anamnywa mtoto."

Namunyak alitaka kumtemea mate ya baraka, kama Wamaasai wanavyobariki. Akajaribu, akajaribu tena. Kinywani hakikutoka kitu.

"Sylvesta, sema naye huyo mwenye maji," Lusia alisema. "Ni wewe uliyemchafulia."

"Mimi nina watoto, mwalimu!"

"Na huyu amebeba nini, kondoo?"

Sylvesta alifunika uso. Kisha, kwa Kiiraqw, kwa sauti ya mtoto aliyeshikiwa fimbo, alisema kwamba kosa ni lake, wanawake hawa hawamo, na kwamba atakwenda kuisafisha chemchemi mwenyewe. Mlango wake ukafunguka. Huo tu. Alishuka, ukungu ukamfunika kabla hajafika nyuma ya gari.

Mshale uliruka mpaka H ukakaa pale, na joto likarudi. Milango ikalegea. Namunyak akatema, na safari hii mate yakaja.

Lori la viazi liliwakuta likawafikisha Karatu. Mtoto alitolewa kwa kisu, wa kike, analia kwa hasira.

Waliomtafuta Sylvesta waliikuta chemchemi safi, unaona hadi changarawe. Yeye hawakumkuta.

Lakini ukungu ukishuka pale ukingoni, mchana kweupe, madereva husema kuna mwanamume mwenye midomo iliyopasuka anayegonga kioo taratibu, akiomba maji. Lusia habishani nao. Anaomba neno moja tu kwa kila anayepita njia ile, na wewe pia anakuomba: mpitishie maji dirishani, tafadhali, ila usimfungulie mlango.