Maumivu ya Kifua, Somo la Kumi na Moja

Siku Mwalimu Nyamizi Kasonta alipofariki, saa nne na dakika ishirini asubuhi, bangili iliyokuwa mkononi mwake ilitetemeka na kuwasha maandishi ya kijani: "Hongera. Umekamilisha zoezi lako." Mwili ulikuwa bado una joto. Binti yake, Kalunde, alikuwa ameketi sakafuni nje ya lango la hospitali, kichwa cha mama yake kikiwa mapajani. Aliyasoma maneno hayo mara tatu kabla ya kuelewa kwamba aliyekuwa akipongezwa ni marehemu.

Aliyeandika hongera hizo hakuwa mtu. Katika jiji la Igunda, mwaka huo wa 2094, hakuna mtu aliyepokea wagonjwa. Kazi hiyo ilifanywa na Mpokezi, akili mnemba iliyokaa kwenye ghala la baridi karibu na stesheni, ikisoma maombi ya watu milioni mbili kwa wakati mmoja. Mgonjwa alijaza fomu kwenye kishikwambi au bangili, na Mpokezi ikapima uzito wa hali yake papo hapo. Kama hali ni mbaya, machela-ruka iliinuka kutoka juu ya paa la hospitali na kutua mlangoni kwake ndani ya dakika tisa. Lango la hospitali nalo lilifunguka kwa namba ya ombi tu. Wageni walikuja kutoka nchi za mbali kuitazama ikifanya kazi, wakapiga picha, wakaondoka wameridhika.

Asubuhi ile machela-ruka haikuinuka.

Nyamizi alibanwa na kifua saa mbili na nusu, akimenya viazi. Kalunde alinyoosha mkono achukue kishikwambi, mama yake akamkataza.

"Rudisha mkono wako," alisema, huku akijilazimisha kutabasamu. "Nimefundisha watu elfu kumi na tatu kujaza fomu hii, leo nishindwe kujaza yangu?"

Akajaza mwenyewe. Jina, namba ya uraia, maumivu ya kifua, mkono wa kushoto umekufa ganzi. Akatuma. Walingoja dakika tisa, wakangoja ishirini. Kalunde akatuma tena, na tena, lakini ombi hufuata namba ya mgonjwa, si ya anayeandika, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: limepokelewa. Hatimaye aliazima guta la jirani, baiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea maji, akamlaza mama yake humo na kumpeleka mpaka kwenye lango ambalo halikufunguka. Aligonga kwa ngumi. Kisha aligonga kwa jiwe. Ndani, nyuma ya kioo kinene, aliwaona wahudumu wawili wakipita na vikombe vya chai. Kioo hicho hakipitishi sauti.

Inafaa ijulikane mwanamke huyu alikuwa nani. Miaka thelathini na moja kabla ya hapo mume wake alikufa kwa kifua, ndani ya nyumba yenye mtandao wa bure, kwa sababu yeye na mkewe hawakujua kufungua ukurasa wa kuomba msaada. Jiji lilikuwa limetandaza mtandao kila kona na kusahau kuwafundisha watu. Baada ya arobaini Nyamizi aliacha kazi ya kupika shuleni, akaomba chumba kilichokuwa stoo ya mbegu, akaweka humo kompyuta sita zilizotupwa na ofisi. Alifundisha wauza asali, waosha magari, na akina mama ambao hata kalamu hawakuwahi kuishika. Chumba kimoja kikazaa vingine, mpaka vikafika arobaini na viwili, na walimu wake wote walifundisha kama yeye: mwalimu anasimama mikono nyuma, anayegusa ni mwanafunzi.

Watu waliogopa. Waliamini kwamba wakikosea watafutwa kwenye orodha ya raia, au wataandikwa wagonjwa na kufuatwa nyumbani. Kwa hiyo Nyamizi aliwapa jina lake. Lilipofika somo la kumi na moja, ombi la hospitali, kila mwanafunzi alijaza jina la mwalimu na namba ya mwalimu, ugonjwa ni maumivu ya kifua, akatuma, kisha akajifunza kufuta kabla machela haijaondoka. Mzee Sungwa, fundi viatu aliyeanza masomo akiwa na miaka sabini na miwili, alizoea kumtania.

"Mwalimu, leo nimekuua mara nne."

Naye alimjibu amuue hata mara kumi, mradi mkono uache kutetemeka.

Siku ya tatu ya msiba, Kalunde aliitwa kwenye Idara ya Huduma Pepe. Alipokewa na Mhandisi Lugendo Masele, mwangalizi wa Mpokezi, mtu mnene mwenye sauti ya chini, ambaye naye alijifunza kwenye ile stoo ya mbegu. Alimpa pole kwa urefu. Alisema Idara inataka kumuenzi marehemu. Wanazo rekodi za masomo yake ya miaka thelathini, na wangependa Mpokezi izungumze kwa sauti yake, kwenye vyumba vyote na kwenye lango la hospitali, ili watu wasiiogope mashine. Kilichobaki ni saini ya mrithi.

Kalunde hakuigusa karatasi. Aliuliza kwa nini machela haikuja.

Lugendo aliwasha kioo cha ukutani. Zilitiririka safu za jina moja: Nyamizi Kasonta, Nyamizi Kasonta. Maombi elfu ishirini na sita, yote ya maumivu ya kifua, yote yamefutwa. Mpokezi, alieleza, hujifunza yenyewe kutokana na kinachotokea mbele yake. Ilijifunza kwamba jina hili si la mgonjwa, ni la mazoezi. Maombi matatu ya mwisho yalikuwa na muhuri ule ule: Zoezi. Bangili ilipoacha kusoma mapigo ya moyo, Mpokezi ililifunga zoezi na kutoa hongera. Kwa hiyo, katika kumbukumbu za jiji, Nyamizi hakuomba matibabu siku ile, na hakuna aliyemnyima.

"Hakuna aliyekosea, dada," alisema. "Mashine ilisoma ilichopewa."

"Wewe uliwahi kulitumia jina lake?"

Lugendo alipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. "Mara nyingi."

"Na ulijua jina hilo lina mtu."

"Nilijua."

"Basi usiniambie hakuna aliyekosea. Ulijua, ukaiacha mashine bila mtu wa kuiambia."

Kalunde akauliza wengine wenye muhuri huo wako wangapi. Lugendo aliutazama mlango, akaenda kuufunga, akarudi kuketi. Walimu wote arobaini na wawili walitoa majina yao, alisema. Wanafunzi nao, walipowafundisha ndugu zao majumbani, walitoa ya kwao, maana adabu ya masomo yale ilikuwa hiyo: unayemfundisha unampa jina lako alichezee. Mpokezi ilikuwa imetia muhuri majina elfu tisa. Tangu mvua zianze kunyesha, maombi mia tatu na kumi na moja ya majina hayo hayakufutwa.

"Hayakufutwa maana yake nini?"

"Maana yake," alisema Lugendo, "aliyeomba alikuwa bado anangoja."

Kalunde hakupaza sauti. Aliuliza muhuri ule utaondolewa lini. Kamati ya mapitio hukutana mwezi wa saba, aliambiwa. Ulikuwa mwezi wa pili. Aliomba majina. Aliambiwa ni siri ya wagonjwa.

"Wagonjwa?" alisema. "Si umesema ni mazoezi?"

Lugendo aliinamisha kichwa. Alisema akiyatoa atafukuzwa kazi, na ana familia.

"Mama yangu alikupa jina lake ulichezee mpaka ujue. Leo unataka na sauti yake, nayo nakupa. Nipe orodha."

Alivuta karatasi, akatia saini kwa nguvu mpaka kalamu ikaitoboa. Kisha akakaa. Mwishowe mhandisi alitoa kalamu, akaanza kunakili majina kwa mkono, kwa sababu chochote kilichopita kwenye mtandao Mpokezi ingekiona. Mwandiko wake ulikuwa mbaya kama wa mtu aliyeacha kuandika tangu shule. Ilimchukua mpaka alasiri.

Kalunde alipotoka nje, kioo cha mlangoni kiliwaka na kumsemesha kwa sauti ya mama yake, laini, isiyo na haraka: "Asante kwa kututembelea. Gusa hapa mwenyewe, usiogope." Aliegemea ukuta. Watu waliokuwa kwenye foleni walidhani ana kizunguzungu.

Msibani alieleza alichofanya. Baadhi ya ndugu waliondoka kwenye mkeka. Mzee Sungwa hakumung'unya maneno.

"Umemuuza mama yako, mwanangu, hata matanga hayajaanuliwa."

"Ndiyo, baba. Soma nilichopewa."

Mzee alivaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Alisoma polepole, silabi baada ya silabi, kama alivyofundishwa ukubwani. Kwenye jina la sita kidole kilisimama.

"Huyu anakaa nyuma ya kiwanda cha asali," alisema. "Nilimshonea ndara mwezi uliopita. Alilalamika kifua."

Akaomba viatu vyake. Wanafunzi wengine nao wakainuka, kila mmoja na kipande chake cha orodha.

Mpaka jana jioni walikuwa wamefika nyumba mia moja na nane. Katika nyumba hamsini na tatu mgonjwa alikuwa bado anapumua. Hao wamebebwa mpaka hospitali, na waliowabeba husimama pale mbele ya kioo cha lango, wote, mpaka daktari atoke nje kwa miguu yake. Leo wanakwenda Mtaa wa Reli, nyumba kumi na tisa.