Elfu Hamsini za Kwanza

Fundi mmoja hushona kola za sare kiwandani, tangu saa moja asubuhi. Wiki moja alishona huku shavu lake moja limevimba. Jino lilimuuma mpaka sikioni.

"Si una kadi ya bima ya meno?" mumewe alimwambia. "Nenda."

Alikwenda kliniki. Daktari alisema jino linazibika, kwa elfu mia mbili. Mpokezi akapiga hesabu.

"Dada, wewe utalipa elfu themanini."

"Themanini? Na kadi ninayo?" Fundi alipandisha sauti. "Nakatwa mshahara kila mwezi, halafu na nyinyi mnaniibia! Wezi wakubwa!"

Wagonjwa wote kwenye benchi waligeuka. Akatoka, jino likiwa vilevile.

Kesho yake alikwenda kulalamika kwa karani wa kiwanda, mama mtu mzima aliyewaandikisha bima. Karani alimsikiliza, kisha akafungua kijitabu.

"Soma hapa, mwanangu."

Fundi akasoma polepole. "Kila mwaka, mwanachama atajilipia elfu hamsini za kwanza za matibabu ya meno."

"Umeona? Kwenye mia mbili, hamsini ni zako. Inabaki mia na hamsini. Hapo bima inalipa sehemu nne kati ya tano, yaani mia na ishirini. Wewe unamalizia thelathini. Hamsini na thelathini?"

"Themanini." Sauti ilikuwa ndogo.

"Ukishalipa hizo hamsini, huulizwi tena mpaka mwaka mwingine. Na kukaguliwa au kusafishwa meno, bima yetu inalipa yote."

Fundi aliinamisha kichwa. "Kijitabu hiki nilipewa. Nikatia sahihi bila kusoma. Mama, nimemwita mtoto wa watu mwizi mbele za watu!"

"Basi nenda ukamwambie."

Alirudi kliniki. Alimwendea mpokezi mezani kwake.

"Mdogo wangu, jana nilikukosea. Hesabu yako ilikuwa sawa. Nisiyejua nilikuwa mimi."

"Yameisha, dada. Kaa, daktari yupo."

Alikaa, lakini hakuweza kumtazama usoni.

Jino lilizibwa. Jioni alimweleza mumewe yote, hata ile aibu. Mumewe akaacha kula.

"Na mimi nina jino bovu, mwezi wa tatu huu. Kadi ninayo, ila niliogopa kuuliza nisije nikaonekana mjinga."

"Kesho tunakwenda wote. Na hamsini nilizolipa mimi hazikuhusu wewe, kila mtu ana zake."

"Nani atauliza?"

"Mimi. Aibu ya kuuliza nimeshailipia."