Pete Zilizochanwa kwa Mkono

"Krismasi hii utakula kwa mama yako," Fundi aliniambia, huku amenipa mgongo anafunga mkoba wa vyombo vyake vya kazi.

Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, nakunja na kukunjua vidole. Asubuhi vidole vyangu huwa kama si vyangu, mpaka nivitie kwenye maji ya moto nivibembeleze. Ni ugonjwa wa viungo. Ninao tangu usichana, tumezoeana kama mtu na mpangaji mkorofi asiyetaka kuhama.

"Na wewe utakula wapi?"

"Nitakuwepo hapa hapa."

"Mimi kwa mama, wewe hapa. Tumeachana lini? Mbona sikuambiwa?"

"Nani kasema kuachana? Nasema ukapumzike. Sikukuu ina kazi nyingi."

"Kazi gani, Fundi? Mapazia nimeshafua, moja moja, kila siku moja. Viazi nitamenya nimekaa. Wageni kila mtu atakuja na sufuria yake, nimeshawaambia. Mapambo ni karatasi na gundi ya unga. Sinunui kitu, sisimami."

Akafunga zipu ya mkoba kwa nguvu.

"Hapa ndani hakuna Krismasi," akasema, akatoka bila kumaliza chai.

Fundi hutengeneza friji. Tulikutana kliniki, siku alipokuja kutengeneza friji ya dawa, mimi nimekaa kwenye benchi la mlangoni nasubiri zamu. Akaniomba nimshikie tochi. Nikamwambia vidole vyangu leo havishiki. Hakunionea huruma. Akasema, "Basi nishikie maneno." Nikamshikia, mpaka akanioa.

Nilijua alifiwa na mke. Zaidi ya hapo sikujua, na hakuna aliyesema. Picha yake haikuwepo hata moja. Kilichobaki ni misumari miwili juu ya dirisha la sebuleni, mmoja huku, mmoja kule, haina kitu. Nilipotaka kuing'oa alinikataza. Nilipotaka kutundikia pazia alinikataza pia. Na kila nikisimama karibu na dirisha lile, hata awe chumba kingine, nasikia sauti yake: "Keti." Simwiti, hanioni, lakini anajua nimesimama.

Kuna kingine sikuwahi kumwambia mtu. Mara nyingine niliamka usiku, nikifumbua macho kidogo naona kiganja chake kiko juu ya pua yangu, hakigusi. Anasikiliza kama napumua. Nilijifanya nimelala. Mtu unaweza kupendwa hivyo mpaka ukajiona maiti.

Asubuhi ile alisahau simu mezani. Mimi si mtu wa kupekua simu za watu, ila ilijiwasha yenyewe mbele yangu. Ujumbe ulitoka kwa dada yake:

"Kaka mpeleke kwao kabla ya sikukuu. Mwezi huu nyumba hiyo haitaki mgonjwa. Sitaki kuja kuzika tena."

Nikiwa bado naukodolea macho, simu ikaita. Nikapokea.

"Kaka, umesoma?"

"Nimesoma mimi, wifi."

Nilisikia anavuta pumzi.

"Afadhali umesoma. Nilikuwa nazunguka zunguka bure."

"Nimekukosea nini, wifi?"

"Hujanikosea. Ungenikosea ningekuacha ukae. Sikiliza. Mwenzio aliyekutangulia alianguka hapo hapo dirishani, anatundika mapambo ya Krismasi. Kaka alirudi kazini akamkuta chini, karatasi iko mkononi. Tangu siku hiyo kaka yangu hana Desemba."

"Alikuwa anaumwa nini?"

"Moyo. Na yeye alikuwa mbishi kama wewe. Krismasi ya mgonjwa hufanywa umekaa, Krismasi ya mgonjwa hufanywa umekaa, kama wimbo. Siku hiyo hakukaa."

Maneno hayo nilikuwa nayo mimi. Niliyapata kwa mtu.

"Upo, wifi?"

"Nipo."

"Mtu akiuguza mke mmoja, watu humpa pole. Akioa tena mgonjwa, watu huuliza. Mimi humuuliza kila siku: umeoa mke, au umeoa ule ugonjwa uliokushinda?"

"Anakujibuje?"

"Hajibu. Anakwenda kutengeneza friji."

Nilikata simu nikaanza kupanga nguo kwenye begi. Sikulia. Nilijiambia, kama mtu ananiangalia akamwona mwingine, basi aje abaki na huyo mwingine peke yake. Nikafungua kabati la chini kutafuta soksi zangu nzito, nikakuta boksi la vipuri limefungwa kwa kamba. Lilikuwa jepesi mno kwa vipuri. Nikalifungua.

Ndani mlikuwa na mnyororo wa karatasi, pete imeingia ndani ya pete, zimekatwa kwenye kalenda za zamani. Niliujua kabla akili haijaniambia naujua.

Pale kliniki, kabla sijamjua Fundi, nilikuwa na rafiki wa benchi. Alikuwa akicheka, nesi anatoka ndani kuangalia kuna nini. Nikamwita Kicheko. Yeye akaniita Polepole, kwa ajili ya mwendo wangu. Majina ya kwetu hatukuwahi kuulizana, hatukuyahitaji. Miguu yake ilikuwa imevimba, akipanda ngazi anapumzika katikati, na hata hapo alikuwa na mzaha.

"Nimesimama kuangalia mandhari," alikuwa akisema, anaangalia ukuta.

Yeye ndiye aliyenifundisha kufanya sikukuu bila kuumia. Alikuwa na sheria zake.

"Krismasi ya mgonjwa, Polepole, huanza mapema na hufanywa umekaa. Kazi moja, halafu pumzi. Kinachoweza kupikwa jana usikipike leo. Anayekuja na mdomo aje na sufuria. Na pambo zuri ni lile lisilokupeleka dukani."

Tukawa tunatengeneza mnyororo huo tukisubiri zamu, naye akirudi nao nyumbani. Yeye alikuwa na mkasi, na gundi ya unga kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka. Mimi mkasi haunikai mkononi, kwa hiyo nilikunja karatasi, nikaibana kwenye goti, nikachana kwa mkono. Pete zake zilinyooka. Zangu zilikuwa na manyoya.

"Zako zimeota ndevu," alinitania.

"Zako hazijabalehe," nikamjibu, nesi akatoka tena.

Kisha siku moja hakuja. Wala siku iliyofuata. Nilipomuuliza nesi, alisema labda amebadili siku, akaangalia makaratasi yake. Nikamwekea Kicheko kinyongo. Nilisema, amepata marafiki wazima, kanitupa.

Sasa nilikaa chini, sakafuni, mnyororo uko mapajani. Nilikuwa nalalia upande wake wa kitanda. Nilikuwa nanywea kikombe chake. Muda wote namlaumu mtu kwa kunitupa, kumbe nimo ndani ya nyumba yake.

Mlango ukafunguka. Fundi alikuwa amefuata simu.

Aliangalia begi. Akaangalia mapaja yangu.

"Rudisha hicho kitu ulipokitoa."

"Fundi."

"Sijakuuliza kitu. Rudisha."

"Alikuwa anaitwa Kicheko?"

Mkono wake ukabaki kwenye kitasa.

"Dada yangu kakwambia?"

"Dada yako halijui jina hilo."

"Hakuna anayelijua," akasema polepole. "Aliniambia mimi tu. Kuna bibi wa kliniki alikuwa akimwita hivyo."

"Bibi gani?"

"Bibi mmoja mzee. Polepole."

"Nani alikwambia ni mzee?"

"Si jina lenyewe? Mtu anaitwa Polepole, nikajua ni ajuza ana fimbo."

Nilitaka kucheka, kikatoka kilio.

"Fimbo anayo," nikasema. "Iko nyuma ya mlango ulioushika. Anaitoa siku za baridi."

Aliangalia nyuma ya mlango. Halafu akaniangalia mimi, na safari hii hakumwangalia mtu mwingine. Akakaa chini, mkoba wa vyombo ukiwa bado begani.

"Wewe ndiye Polepole."

"Mimi. Sikujua kama amekufa, Fundi. Nimejua leo, nimekaa hapa."

Akanyoosha mkono akashika mnyororo kwa ncha za vidole, kama kitu cha moto.

"Niliapa sitaufungua," akasema. "Lakini nauona hata ukiwa kabatini. Tazama hapa. Mwanzo amekata vizuri, imenyooka. Sasa tazama hii. Imechanwa. Mkono umeishiwa nguvu, mkasi haushiki. Hapa amejaribu tena, amekata. Hapa ameshindwa, amechana. Na jioni narudi namuuliza umeshindaje, anasema vizuri, anacheka. Kumbe mkono umekufa ananificha, na mimi nakula chakula nalala. Mwanamume gani analala ndani na mtu asione hilo?"

Sasa nikaelewa ile Keti. Nikaelewa kiganja puani.

"Nitolee ile kalenda ukutani," nikamwambia.

"Ya nini?"

"Nitolee tu."

Akanipa. Nikang'oa ukurasa wa mwezi uliokwisha, nikaukunja, nikaubana kwenye goti, nikachana. Kidole gumba changu hakikunji, kwa hiyo karatasi huwa inakwenda upande kidogo mwishoni. Nikauweka ukanda ule juu ya pete iliyochanwa. Manyoya yale yale. Upande ule ule.

Fundi aliangalia. Akachukua pete nyingine, akalinganisha. Akachukua nyingine.

"Zilizochanwa ni zangu," nikasema. "Zote. Mkasi ulikuwa kwake."

"Mpaka lini?"

"Mpaka siku ya mwisho niliyomwona. Anakata, huku anamsengenya nesi. Mkono haukutetemeka. Hakukuficha kitu, Fundi. Moyo ulimkamata ghafla tu."

"Na kule kucheka?"

"Benchi zima lilikuwa halipati usingizi."

"Kwa hiyo alikuwa anacheka kweli."

"Alikuwa anacheka kweli."

Akaweka kichwa chake begani kwangu akalia kama mtu anayetua mzigo alioubeba kwa anuani isiyo yake. Bega langu liliniuma, nikaliacha liume.

Alipotulia nikamwambia, "Swali la dada yako sasa lijibu kwangu. Umeoa mke, au umeoa ugonjwa?"

Alijifuta kwa mkono wa shati.

"Siku ile nilikuomba unishikie tochi, ukasema vidole havishiki. Ulisema tu, kama mtu anayetaja njia ya kwenda sokoni. Nilikuwa naamini nimeishi na mtu aliyenificha. Nikasema, huyu hanifichi. Huyo ndiye niliyemuoa."

"Na kiganja puani?"

Akashtuka. "Ulikuwa macho?"

"Kila mara."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani unamtafuta yeye."

"Nakutafuta wewe. Naogopa kuamka nikute hupo."

"Basi niulize. Mchana, kwa mdomo. Ikiuma nitakwambia inauma. Nisiposhika nitakwambia sishiki. Ila usinipeleke kwa mama kwa kuogopa, maana kule nako nitakuwa na vidole hivi hivi."

Aliliangalia begi langu. Akavuta zipu, akatoa sweta, akanivalisha, mkono mmoja kisha mwingine, polepole, bila kuvuta.

Nikachukua simu yake nikamwandikia wifi: "Siendi popote. Njoo na sufuria yako."

Akajibu: "Mbishi kama mwenzio."

Baada ya muda mfupi, ujumbe mwingine: "Nilete wali au kuku?"

Siku zilizofuata tulifanya kazi kwa sheria za Kicheko. Kazi moja, halafu pumzi. Fundi alikaa na mkasi, mimi na goti langu. Zake zilipinda vibaya.

"Mtu anatengeneza friji, karatasi inamshinda," nikamwambia.

"Friji haina aibu. Hii inaniangalia."

Mnyororo ulipofika urefu, yeye ndiye aliyesimama dirishani. Mimi nilikaa. Aliposhika msumari wa pili akasita, amenipa mgongo, nami sikumharakisha. Kisha akaupachika.

Siku ya Krismasi wifi alikuja na wali, na kanga mpya ya kufunika sufuria. Alifika mlangoni akauona mnyororo, akasimama. Hakutaka kukanyaga pale chini ya dirisha. Alizunguka meza yote kwa upande wa ukuta mpaka akapata kiti.

"Mmeutundika," akasema.

"Tumeumaliza," Fundi akamjibu. "Alikuwa ameuanza na huyu."

Alimsimulia. Wifi alisikiliza, ameshika mfuniko wa sufuria, hakufunua. Alipomaliza, wifi aliniangalia sana.

"Wifi," akasema, "lile swali langu nalifuta."

"Nimeshalipata jibu lake."

Alikuwa anaanza kupakua wali ndipo upepo ulipoingia dirishani. Pete zikatikisika zote kwa pamoja, zilizokatwa, zilizochanwa na zile za Fundi zilizopinda, zikatoa sauti kavu, ya haraka, kama ya mtu aliyebana mdomo kanisani akashindwa. Kijiko cha wifi kikabaki hewani.

"Nani huyo?"

Fundi hakuniambia keti. Alivuta kiti chake akakisogeza karibu na changu, chini ya dirisha, pale pale.

"Pakua tu, dada," akasema. "Mwache acheke."