Maji ya Bibi Mwaija

Kila siku jioni, shule ilipofungwa, Awiti alipita kwenye bomba la mtaa wa Mirongo akiwa na ndoo, akapanga foleni, akateka maji na kuyapeleka kwa Bibi Mwaija. Huko aliwasha jiko la mkaa, akayachemsha mpaka yatokote, akayaacha yapoe, kisha akayachuja kwa kitambaa safi na kuyamimina mtungini. Hakulipwa kwa kazi hiyo, wala hakutumwa na mtu. Aliiomba mwenyewe.

Awiti alikuwa na miaka kumi na miwili, na Mwanza haikuwa kwao. Kwao ni Kano, upande wa pili wa ziwa, nchini Kenya. Masika ya mwaka ule mto ulivunja kingo zake, ukaingia mashambani, ukaingia nyumbani. Kwa siku tatu Awiti na wazazi wake waliishi juu ya tuta la reli, wakitazama paa la nyumba yao likizama polepole, kama mtu anayezama usingizini. Watu wasiowajua hata kwa majina waliwaletea uji na mablanketi. Maji yalipokawia kutoka, wazazi walibaki kulinda shamba lao, naye akapandishwa meli kuja kukaa na mama yake mdogo, Getruda, mhudumu wa zahanati mjini Mwanza.

Mji huo ulimshangaza. Mawe makubwa yalipandana vilimani, utadhani watoto wa majitu walikuwa wakicheza, wakaitwa kula, wakayaacha hivyo hivyo. Asubuhi, ukungu ulipolala ziwani, mawe, meli na mitumbwi vilionekana kama vinaelea hewani. Awiti alipenda kusimama na kutazama, mpaka akasahau alikuwa akienda wapi. Wenzake walikicheka Kiswahili chake. Siku za kwanza aliwapita wazee bila kusema shikamoo, maana kwao salamu hiyo haikuwapo. Lakini alijifunza.

Mwaka huo nchi nzima ilikuwa kwenye kampeni ya afya. Watu walikusanyika kusikiliza vipindi vya redio, na mitaani walichimba vyoo na kufyeka majani. Ndugu Chenge, balozi wa nyumba kumi, aliitisha mkutano akaomba vijana wa kujitolea kuwachemshia maji wazee wasiojiweza. Awiti akanyoosha mkono.

"Wewe ni mgeni wetu, mwanangu," Ndugu Chenge alimwambia. "Umetoka kwenye taabu. Pumzika kwanza."

"Nimeshapumzika, baba," Awiti akajibu. "Sisi tulipotolewa na mafuriko, watu walitusaidia. Na mimi nina mikono."

Basi akapangiwa Bibi Mwaija. Macho ya bibi huyo yalikuwa yamefifia, naye alishinda nyumbani na mjukuu wake Yunus, mtoto wa miaka miwili, wakati mama yake Yunus akiwa kazini katika kiwanda kimoja huko Nyakato. Mtungi wa bibi ulikaa barazani, na watoto wa majirani walizoea kuja kunywa hapo wakichoka kucheza.

Alhamisi moja Awiti aliposhika njia ya bombani, alisikia honi ya meli. Akashuka ufukweni, nia yake ikiwa kuitazama mara moja tu. Akaketi juu ya jiwe lililokuwa bado na joto la jua. Meli ilikuwa ikienda zake kaskazini, ikiacha nyuma mstari mrefu mweupe. Awiti akaufuata mstari ule kwa macho, na mawazo nayo yakaondoka. Akamwona mama yake amesimama kwenye maji yanayofika magotini, akiokota masufuria. Akamwona baba akipandisha mbuzi juu ya tuta. Akasikia hata harufu ya matope. Alipozinduka, jua lilikuwa limeshuka na vivuli vya mawe vimefika majini.

Akajua kuwa saa hiyo foleni ya bomba ni ndefu. Hakufikiri sana. Aliinama pale pale, karibu na kina mama waliokuwa wakifua, akajaza ndoo. Alipofika kwa bibi alikuta mkaa umelowa, haushiki moto. Bibi alikuwa ndani akiswali Magharibi. Awiti akasimama na ndoo yake, akatazama jiko, akatazama mtungi. Kisha akamimina.

"Umeyachemsha, mjukuu wangu?" bibi akauliza alipomaliza kuswali.

"Ndiyo, bibi."

Neno lilitoka kwa urahisi, na hakuna lililotokea. Siku iliyofuata mtungi ulikuwa bado na maji mengi, kwa hiyo Awiti alifagia uwanja tu na kurudi nyumbani.

Jumamosi asubuhi alikuta watu wamejaa mbele ya nyumba ya bibi. Yunus alikuwa ameharisha na kutapika tangu alfajiri, na mama yake alikuwa amemkimbiza zahanati. Bibi mwenyewe, ambaye kutwa hunywa chai, hakuwa ameugua. Katikati ya watu alisimama Mzee Mbaruku, muuza maziwa, ameshika baiskeli yake.

"Mtoto alikunywa maziwa yake jana," mwanamke mmoja alisema. "Tusitafute mbali."

"Maziwa haya ndiyo wanayokunywa wanangu," Mzee Mbaruku alisema kwa sauti ya chini.

"Inawezekana," alijibu Ndugu Chenge. "Lakini mpaka tujue, usiuze mtaa huu. Na haya uyamwage."

Mzee hakubishana. Alifungua dumu, akaliinamisha, na maziwa yakatiririka mtaroni, meupe, yakachanganyika na vumbi. Awiti aliyatazama yakienda. Akisema ukweli, watu watadai wageni wameleta ugonjwa. Watampandisha meli arudi, na nyumba ya kurudia haipo. Akageuka aondoke. Hapo ndipo alipomwona msichana mdogo wa jirani amesimama barazani, ameshika kata, akiinama kuchota maji mtungini.

Awiti alikimbia, akaikamata kata kabla haijafika mdomoni. Maji yakamwagikia miguuni.

"Msinywe maji haya," alisema. "Si maziwa ya mzee. Ni mimi. Niliyateka ziwani, sikuyachemsha, na bibi nikamdanganya."

Mtu mmoja nyuma akanong'ona habari za wageni, lakini Ndugu Chenge akamtazama, naye akaacha.

"Kimbia kwa mama yako mdogo," Ndugu Chenge akamwambia Awiti. "Umwambie kama ulivyotwambia. Sisi tutaumwaga mtungi na kuwauliza watoto nani mwingine amekunywa."

Kule zahanati, Yunus alilala macho nusu yamefumba, chupa ya maji ya dawa ikining'inia juu yake. Getruda alimsikiliza Awiti mpaka mwisho. Hakumpigia kelele. Alimweleza daktari, naye akaagiza watoto wote waliokunywa maji ya mtungi ule waletwe. Wakaletwa wawili. Mmoja alikuwa ameanza kuumwa tumbo, akapewa dawa mapema.

Yunus alirudi nyumbani Jumanne, amekonda lakini anadai uji. Mzee Mbaruku alikuwa ameshaanza tena kuuza maziwa. Awiti alimfuata kumwomba radhi, na kwa wiki mbili akawa anapita asubuhi kumsaidia kuosha madumu yake.

Kwa Bibi Mwaija aliogopa kwenda. Mwishowe alikwenda, akamkuta ameketi kwenye mkeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa hapa karibu."

Bibi akapapasa akiutafuta mkono wa Awiti, mpaka akaupata.

"Nilikukasirikia sana, sitakuficha," alisema. "Mimi sioni, mwanangu. Naona kwa maneno yenu. Ukiniambia maji yamechemka, nayaona yamechemka, na nampa mjukuu wangu. Siku ile ulinifumba hata jicho hilo nililobakiwa nalo. Mtu anayejitolea halazimishwi kuanza. Lakini akishaanza, wapo watu wanaomtegemea, na hana ruhusa ya kufanya nusu kisha aseme amemaliza. Ukichelewa, sema umechelewa. Mkaa ukikataa, sema umekataa. Tungekunywa chai ya jirani, tukalala salama."

Awiti akalia. Bibi akamwacha alie.

"Hilo ni moja," akaendelea. "La pili, uliogopa tutakufukuza, na bado ukasema mbele ya watu wote. Mtoto wa jirani leo anacheza hapo nje kwa sababu hiyo. Mtu wa namna hiyo simwiti mgeni. Yunus ana kiu, na mkaa mkavu uko nyuma ya mlango."

Awiti akafuta macho kwa upindo wa gauni lake, akachukua ndoo, akaenda kusimama mwisho wa foleni.